Seva Iliyofungwa Mdomo

Ofisini walimwita Kiherehere, na jina lilimkaa. Mwingine angesikia kuwa wagonjwa wanarudishwa kliniki kwa sababu miadi yao haionekani kwenye kompyuta, angesema wamekosea tarehe, akaendelea na chai yake. Yeye aliketi na programu ambayo ofisi yao iliiandikia kliniki kwa Java, lugha ya kompyuta, akaisoma mstari kwa mstari mpaka macho yakamwasha.

Akakikuta alichokuwa akikitafuta. Kila miadi iliposhindwa kuhifadhiwa, programu iliinasa hitilafu, kisha kimya. Hakuna hata neno moja kwenye logi, yale maandishi ambayo seva, kompyuta inayoendesha mfumo, hujiandikia kila inapopatwa na jambo. Karani alionyeshwa "Imehifadhiwa", naye akamwambia mgonjwa aende salama. Uongo mtupu, tena wa adabu.

Pale palipokuwa patupu, Kiherehere aliandika mstari mmoja tu: hitilafu isemwe kwenye logi, pamoja na jina la mgonjwa. Asubuhi iliyofuata logi ilifurika.

Mkuu wa ofisi akaja mbio. Alikuwa mjomba wake wa damu, kaka wa mama yake, na ndiye aliyemwingiza kazini. Ndiye pia aliyeuandika ule ukimya, enzi zake.

"Mfumo ulikuwa mzima mpaka ulipougusa."

"Haukuwa mzima, mjomba. Ulikuwa haulalamiki."

"Wenye kliniki wako njiani kuja kuukagua. Urudishe ulivyokuwa."

"Siurudishi."

Wenzao wote wakajitia wanachapa kazi. Mjomba akavuta kiti, akashusha sauti, ile ya kubembelezea watoto. "Mpwa wangu, nimekubeba mgongoni wewe. Usiniaibishe mbele za watu."

Alimpenda mjomba wake, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. "Kama ni kibarua kuota nyasi, na kiote. Ule mstari siufuti."

"Basi nampigia mama yako simu. Labda yeye utamsikia."

"Mpigie." Akamgeuzia skrini na kumwonyesha kwa kidole. "Huyu hapa, wa asubuhi hii. Ameambiwa imehifadhiwa, aende wiki ijayo akapasuliwe jicho. Mwambie wewe kwamba haipo."

Mjomba alilisoma jina la dada yake, akalisoma tena. Simu ilibaki mkononi, haijapigwa.

Mlango ukagongwa. Kiherehere akaenda kuwafungulia wageni, na skrini akaiacha wazi.