Profesa wa Kinyozi

Baba yangu ni kinyozi, na mtu asikudanganye kwamba kazi ya kinyozi ni nywele. Kazi yake ni mdomo. Nywele ni kisingizio tu cha kumkalisha mtu kitini asiweze kuondoka. Na kwa miaka yote niliyosoma shule ya msingi, mada ya mdomo huo ilikuwa mimi.

Wateja waliniita Profesa. Jina alilitoa Baba mwenyewe, siku nilipotaja miji mikuu ya nchi jirani zote wakati meno yangu ya mbele hata hayajaota upya, na jina likaganda. Nikitoka shule napitia dukani moja kwa moja. Sare sivui, begi nalisukumia chini ya benchi, nasimama kando ya kioo kikubwa, kati ya kopo la poda na chupa ya spiriti. Sharti la Baba lilikuwa moja: hakuna mteja anayeshuka kitini bila kuniuliza swali. Basi utaona watu wazima na heshima zao, shuka shingoni, povu mpaka masikioni, wamekodolea macho dari wakitafuta cha kumuuliza mtoto.

Mashine ya kunyolea ilikuwa kuukuu, ikinguruma mpaka meno yanakuwasha. Juu ya ngurumo hiyo kuna redio. Juu ya redio kuna benchi zima linabishana mpira. Kwa hiyo swali lilikuja na kelele, na jibu likatoka na kelele. Dereva wa lori, bwana mmoja mnene anayenyoa upara kila Jumamosi, alipenda hesabu za magunia: lori limebeba kadhaa, limeshusha theluthi, limebaki na mangapi. Mwalimu mstaafu aliuliza sayansi, na nikimjibu anajipiga paja. Baba ananiangalia kupitia kioo, kisha anawageukia watu, mnaona, mnaona, huyu ni wa shule ya kilimani. Hiyo shule ya kilimani ni ya bweni, ya wasichana, na inachukua wenye A peke yao. Baba hajawahi kufika hata getini, lakini alivyoizungumzia ungedhani ndiye aliyeijenga.

Sisemi uongo, mwanzoni nilipenda. Nani hapendi kupigiwa makofi? Lakini kadiri nilivyokua ndivyo nilivyoona kwamba makofi yenyewe ndiyo yananifunga. Siku nikikosa jibu, Baba hanigombezi. Angenigombeza ingekuwa afadhali, maana ugomvi unaisha. Yeye ananyamaza tu, mkono unakuwa mzito kichwani mwa mteja, na nyumbani chakula hakimshuki. Mama akimuuliza ana nini, anasema hana kitu. Tunakula vichwa chini, na mdogo wangu wa kike ananikanyaga mguu chini ya meza utadhani nimeua mtu. Rafiki yangu, binti wa fundi baiskeli, alikuwa akipita mbele ya duka na kamba yake ya kuruka, ananikonyeza, anaenda zake. Mwishowe hata kukonyeza akaacha.

Halafu ukaja mtihani wa mwisho. Msimamizi alikuwa mama mmoja mwenye raba miguuni, hata akitembea humsikii. Akasema anzeni, na chumba kizima kikanyamaza kabisa. Nikasoma swali la kwanza. Nilikuwa nalijua. Mwalimu mstaafu alikuwa ameniuliza lile lile wiki hiyo hiyo, nikamjibu kabla Baba hajamaliza kisogo. Sasa nalitafuta jibu silioni. Nasikia kalamu za wenzangu zinakwaruza, nasikia mate yangu mwenyewe nikiyameza. Hakuna mashine, hakuna redio, hakuna anayengoja nifungue mdomo. Nikaanza kunong'ona maswali ili angalau nijisikie, msimamizi akaja akagonga dawati langu kwa kidole. Nikafunga mdomo, na yote niliyoyajua yakafungiwa humo humo. Nilichoandika nilikiokoteza tu.

Matokeo yakatoka, nikapata B. Naomba nieleweke: B. Sikufeli mimi. Nilichaguliwa shule ya kutwa nyuma ya soko, pamoja na binti wa fundi baiskeli, na niliposikia hivyo nilifurahi mpaka nikajifungia chooni nicheke peke yangu. Shule ile haijulikani kwa lolote. Hakuna mtu anayeweza kujigamba nayo mbele ya watu. Ndiyo maana niliitaka.

Baba alisomewa matokeo na dereva wa lori, kwenye simu, huku kichwa cha dereva kimenyolewa nusu. Akamaliza nusu iliyobaki. Alipokuwa anampangusa poda ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Profesa atarudia darasa. Benchi zima likakubaliana naye. Hata walionyolewa zamani na kubaki kupiga soga waliitikia kwa vichwa, eti mwaka mmoja ni nini. Mwaka haukuwa wao.

Kurudia maana yake ni kukaa darasa moja na mdogo wangu. Yeye alilia kuliko mimi, maana anajua atalinganishwa na nani kila siku. Mama, ambaye anafua shuka za hospitali na huwa anarudi hana nguvu hata ya kuvua viatu, alisimama kidete. Alimwambia Baba mtoto amefaulu, apelekwe alikochaguliwa. Alimwambia hivyo asubuhi na jioni. Mwalimu mkuu wa shule ya kutwa naye alituma ujumbe kwamba mwisho ni Ijumaa, mzazi aende mwenyewe akathibitishe nafasi, asipoonekana inapewa mwingine. Baba akajibu kwamba ana wateja.

Alhamisi Mama akanishika bega mlangoni. Akasema yeye maneno yamemwishia, niende mwenyewe nikazungumze na baba yangu, labda mimi atanisikia.

Nilimkuta peke yake dukani, anaitia mashine mafuta. Nilimwamkia, nikapiga moyo konde.

"Baba, mimi nilikuwa nayajua."

"Yapi?"

"Maswali ya mtihani. Yote."

Nikamwaga kila kitu. Nilimweleza kile kimya, na raba za msimamizi, na jinsi majibu yangu yalivyozoea kutoka kwa mdomo, kwenye makelele, mbele ya watu. Nikamwambia nikirudia nitakutana na kimya kile kile, kwa hiyo namwomba, kwa heshima zote, aniache niende shule ya kutwa na wenzangu. Nililia, makamasi na yote. Baba aliiweka mashine chini. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na mimi mjinga nikadhani nimeshinda.

"Kwa hiyo hukushindwa na swali hata moja," akasema.

"Hata moja, Baba."

"Basi hiyo B si yako."

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Lakini nilikuwa sijawahi kumwona baba yangu akinisikiliza hivyo bila mtu kitini, na nikataka aendelee. Nikasema si yangu.

Alinikumbatia, jambo ambalo hana mazoea nalo, akanukia spiriti. Akasema nimsamehe, kosa lote ni lake, yeye ndiye aliyenifundishia kwenye kelele.

"Mwanangu, umeniokoa," akasema. "Nilikuwa nimeshakubali yaishe. Nilidhani uwezo wako ndio huo, nikasema nisimtese mtoto wa watu. Kesho asubuhi ningekupeleka hiyo shule ya kutwa. Hata shati nimeshapiga pasi, mama yako hajui. Sasa mtu anayejua yote nimpeleke kule kufanya nini? Kilichobaki ni kimya tu. Kimya nitakutafutia mimi."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba nimesema uongo, kwamba sikujua hata swali moja, kwamba mimi ni mbumbumbu wa mwisho. Lakini alikuwa ameshatoka nje kumwita mwalimu mstaafu, anacheka njia nzima. Ijumaa ikapita, nafasi yangu akapewa mwingine.

Na kweli kimya amekitafuta. Redio ameirudisha nyumbani. Mashine haiwashwi nikiwepo, vichwa vinanyolewa kwa mkasi, polepole, na hakuna mteja aliyelalamika, maana wote wanasema wananisaidia. Mimi nimewekewa meza kando ya kioo, na mtihani wa zamani aliouleta mwalimu mstaafu. Kwenye benchi wamekaa watu wazima, mikono magotini, hawapigi soga, hawatazami simu, wananitazama mimi. Dereva wa lori amebanwa na kikohozi, anakizuia mpaka machozi yanamtoka. Nje binti wa fundi baiskeli amepita na sare mpya, anaongea na mtu.

Nimesoma swali la kwanza. Nalijua. Nimeshika kalamu na mkono hauendi. Baba ameacha kukata, ananiangalia kupitia kioo kwa upendo ambao sijui niuweke wapi, kisha anaweka kidole mdomoni, anawanyamazisha watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyesema neno.