Ujumbe Mmoja kwa Nusu Saa

Wenzake walikuwa wameshafika ujumbe wa tano, yeye bado yuko kwenye wa kwanza. Watahiniwa sita, kompyuta sita, na chumbani kote hakusikiki kitu ila vidole. Walipewa nusu saa kujibu jumbe ishirini za wateja wenye hasira, kwa upole na bila makosa. Atakayewashinda wenzake angeajiriwa na kampuni hii ya mtandaoni, kuwajibu wateja wa maduka yaliyoikabidhi kurasa zao.

Aliusoma tena ule wa kwanza. "Niliagiza kitanda cha mtoto kwenu. Kila siku naambiwa kesho. Mwanangu atalala wapi? Nipigieni." Chini yake, namba ya simu.

Jirani yake, msichana mwenye kucha ndefu, alimchungulia. "Mama, andika 'Pole kwa usumbufu, tunalifanyia kazi,' kisha unakopi kote," alinong'ona. "Hapa ni spidi tu."

"Ahsante, mwanangu."

Alijua msichana anamsaidia kwa moyo safi. Lakini mtu ameandika apigiwe.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpokea simu wa hospitali. Ukibonyeza sifuri, aliyeitika ni yeye, na ndiyo sababu hospitali nzima ilimwita Bi Sifuri. Aliijua sauti ya daktari anayesingizia kuwa yuko mkutanini, na ya mtu aliyefiwa kabla hajatamka neno. Kisha ikaletwa mashine ya bonyeza moja, bonyeza mbili, naye akapewa cheti cha shukrani na kipande cha keki. Huu mwaka wa pili analishwa na binti yake, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Kazi hii aliitaka kwa kufa na kupona.

Akajikaza kisabuni, akatoa simu yake mkobani, akapiga.

Vidole vyote vikasimama.

"Habari za asubuhi, dada. Nakupigia kuhusu kile kitanda cha mtoto ulichoagiza."

Upande wa pili kikasikika kicheko kikavu. "Mtoto gani tena? Ameshaanza kutembea! Mwaka mzima umepita, ndiyo mnakumbuka leo?"

Mwaka mzima. Bi Sifuri aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Angeweza kukata simu, akasingizia mtandao.

"Basi pole sana, dada. Sasa analala wapi?"

"Na mimi. Anajigeuza usiku kucha. Mgongo wangu wote umekwisha."

Akamwacha aseme yote. Nyuma ya barua yake ya kuitwa kwenye usaili aliandika rangi ya kitanda, tarehe ya kuagiza, na maneno aliyojibiwa kila alipouliza. "Leo kabla ya saa kumi utapigiwa uambiwe kiko wapi," alisema. "Wakikunyamazia, nitakupigia mimi mwenyewe."

Alipogeuka, msimamizi wa usaili, mwanamke kijana mwenye miwani, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mama, umempigia mteja? Hizo ni jumbe za mwaka jana! Za mtihani tu!"

"Nimeona. Ila yeye hajui kama ni mtihani."

"Na hizi kumi na tisa?"

"Muda umeniishia."

Mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Msimamizi aliichukua ile barua, akayasoma taratibu yaliyoandikwa nyuma, akaikunja. "Tutakupigia," alisema.

Bi Sifuri aliitegea sikio sauti ile, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuielewa.

"Mimi nitasubiri," alisema. "Yule dada ndiye wa kupigiwa leo. Nimeshaahidi kwa niaba yenu."

Nyumbani binti yake alikuwa kwenye cherehani, akipinda mapazia. "Umejibu ngapi?"

"Mmoja."

Cherehani ikasimama. "Kati ya?"

"Ishirini."

"Mama jamani!" Binti alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akauona uso wa mama yake. "Wengine watakuita," alisema, akarudi kwenye pazia lake.

Saa kumi kasoro dakika tano Bi Sifuri aliishika simu. Kitanda hana, kazi hana, angemwambia nini yule dada? Alitafuta maneno, akayakosa, akapiga hivyo hivyo.

Simu haikuita. Ulikuja ule mlio mfupi mfupi alioishi nao miaka ishirini na miwili. Namba inatumika. Alingoja kidogo, akapiga tena. Bado inatumika. Saa kumi kamili, vilevile.

"Hapokei?" binti aliuliza.

"Anaongea na mtu."

"Nani?"

Bi Sifuri aliiweka simu mezani, akavuta kiti karibu, akakaa wima, kama alivyokuwa akikaa zamani zamu inapoanza.