Mama Mkwe Katikati ya Barabara

Wengine huota gari. Mimi, Awoi, nilikuwa naota choo. Usicheke! Kama ungepanga chumba Lodwar kwenye ploti yenye choo kimoja, na jirani yako ni Pontien, Mkongomani anayejifungia humo alfajiri na kuimba wimbo mpaka ubeti wa mwisho, hata wewe ungeota choo.

Basi mafuta yalipopatikana Turkana na kila mtu akaanza kukimbilia ardhi, mume wangu Lomenen na ndugu zake watatu wakaamua kugawa kiwanja cha marehemu baba yao, kando ya laga, mto wa msimu, kiwe ploti nne. Lomenen ni dereva Kakuma, kwa hiyo shughuli zote zikaniangukia mimi. Nikamleta soroveya, Kariuki, kutoka Kitale.

Ofisi ya mipango ilitaka mambo mawili. Shimo la choo likae mbali na laga, maana hata mto ukikauka watu huchimba visima kwenye mchanga wake na kunywa. Pia barabara ifike mpaka kwenye shimo, lori la kunyonya uchafu lipite na kugeuka. Bila barabara hakuna muhuri, bila muhuri sijengi. Kariuki akapigilia vigingi vya barabara upande wa mashariki.

Kesho yake tukaja na afisa wa kukagua. Lo! Katikati ya vigingi pamesimama nyumba ya fito na makuti ya mkoma. Mlangoni ameketi mama mkwe wangu, Nakaale, shanga mpaka kidevuni, anatafuna tumbaku.

"Ejok, mama," nikamsalimu huku nimeuma meno.

"Ejok-noi."

"Mama, hapa ni barabara."

"Sijaona gari."

Afisa akafunga faili lake, akaenda zake. Kwetu Waturkana nyumba hujengwa na mwanamke na ni mali yake. Hata mumewe hana ruhusa ya kung'oa kuti moja. Nani angethubutu kuigusa? Kariuki akaona heri ahamishie barabara magharibi. Haki ya Mungu, kabla jua halijawa kali, mama alikuwa ameshafungua fito zake, kazibeba na kuzisimamisha magharibi. Kariuki akarudisha vigingi mashariki. Mama naye akarudi.

"Huyu mama ana mbio kuliko ofisi yote," Kariuki akasema, akakaa chini.

Nikampigia Lomenen. "Ongea na mamako!"

"Ongea naye wewe," akasema. "Wewe ndiye uko karibu." Shujaa wangu huyo.

Uvumilivu ukanishinda. Nikamwendea mama, heshima nimeiweka kando. "Mama, nimekukosea nini? Mimi nataka choo tu!"

Akatema tumbaku. "Lete hiyo ramani."

Kariuki akaitandaza mchangani. Mama akaweka kidole. "Hii nini?"

"Ploti ya Lomenen na Awoi. Zile tatu ni za ndugu zake."

"Na hii?"

"Shimo la choo, mama."

"Na hii kubwa?"

"Pa lori la uchafu kugeukia."

Mama akainua kidole. "Hata mavi mmeyapa mahali," akasema. "Mmeyapa na njia. Mimi niko wapi?"

Kariuki akainamia viatu vyake. Wana wanne na wake zao, tumepima na kubishana miezi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Kila mtu alidhani mama atakaa kwa mwenzake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Kata yetu nusu," nikamwambia Kariuki. "Nusu ni ya mama."

"Awoi, nusu haiwezi kubeba shimo lake. Mtatumia choo kimoja, wewe na yeye."

Nikafumba macho. Roho iliniuma, sitasema uongo. "Chora."

Wino ulikuwa haujakauka, na Nakaale alishaanza kufungua fito. Akapita mbele yangu, mzigo kichwani, akasimama.

"Hiyo choo," akasema, "ufunguo nakaa nayo mimi."