Fito za Kipande cha Sjur

"Basi wapotee!" Sjur alisema, akaendelea kuzoa theluji mlangoni kwake. "Nani kawaita? Barabara ni ya mtu mwenye pa kwenda. Babu yangu alipita kule juu na farasi na mapipa ya siagi. Hawa wanapanda na chungwa na chokoleti, wanakaa juu ya jiwe, wanakula, wanashuka. Safari gani hiyo?"

"Babu yako huyohuyo alikuwa akichomeka fito," Gunnvor alimjibu kutoka upande wake wa uzio. "Wewe mwaka huu umechomeka nini? Ulimi?"

Tangu enzi za mikokoteni, kila shamba bondeni lilikuwa na kipande chake cha barabara ya mlimani, na jiwe lenye jina la shamba mwanzoni mwake. Siku hizi malori yanapita kwenye handaki huko chini, na barabara ya zamani imebaki ya wapanda milima. Lakini kabla theluji haijazidi, kila shamba bado huchomeka fito kwenye kipande chake, mtu asije akaikosa njia. Mwaka huu kipande cha Sjur kilikuwa kitupu kama kichwa chake, na hicho ndicho chenye kona ya korongo.

"Kesho Borghild anashuka na wenzake," Gunnvor alisema.

"Mpigie simu dada yako, arudi alikotoka."

"Wanalala kibandani kule juu. Simu haishiki."

"Si ana macho?"

"Kwenye ukungu macho ni pambo tu, mzee. Haya, nitachomeka mimi."

Koleo la Sjur lilisimama. Kuchomekewa fito na jirani ni jambo la shamba lililokufa, lisilo na mtu.

"Thubutu," alisema.

"Na juu nitafunga vitambaa vyekundu, bonde zima lione."

Gunnvor akafunga fito kwenye sleji ya kuburuta thelujini, akaivuta kwa njia ndefu, ile inayopita mbele ya kila dirisha. Mapazia yalichezacheza. Alipofika juu alilipangusa theluji jiwe lenye jina la Skardet, shamba la Sjur, akaliambia, "Pole. Wewe angalau umesimama."

Alikuwa kwenye ufito wa pili aliposikia mtu akihema. Sjur alikuja na mzigo mgongoni, uso mwekundu kama nyama iliyochemshwa. Akaung'oa ufito wa Gunnvor, akautupa, akachomeka wake kwenye tundu lilelile.

"Toka kwenye barabara yangu."

"Ehee! Leo ni yako?"

Gunnvor akakaa juu ya jiwe, akafungua chupa ya kahawa, asimpe hata tone. Fito za Sjur zilikuwa zimekauka. Kumbe alizikata tangu majani yalipopukutika, akaziacha ghalani zimkodolee macho, kwa kiburi tu! Mwanamume mzima!

"Huo umepinda," alimwambia. "Marehemu mama yako angeunyoosha kwa mkono mmoja."

Sjur alitukana, akaunyoosha.

Kesho yake ukungu ulishuka mzito kama uji. Tangu asubuhi Gunnvor alisimama kwenye ua wa Sjur, njia inapoishia, macho juu njiani. Mchana ndipo Borghild alipojitokeza, barafu kwenye nyusi, watu watano nyuma yake.

"Pale korongoni tulikwenda kwa kupapasa ufito mmoja hadi mwingine," alisema. "Nani kazichomeka?"

Sjur aliangalia viatu vyake. Gunnvor akamwacha achemke kidogo.

"Sjur," alisema hatimaye. "Kama kila mwaka."

Sjur akakohoa, akausukuma mlango. Harufu ya supu ya kondoo na kabichi ikatoka. Kumbe sufuria lilikuwa kubwa, la watu wengi! Miaka minane ya kugombana uzioni, Gunnvor alikuwa akiwaza jiko lile linafananaje.

"Ingieni, mtaganda," Sjur aliwaambia wapanda milima. Kisha, bila kumtazama: "Na wewe, Gunnvor. Hata mdomo huo unahitaji kitu cha kutafuna."