Risasi Tano kwa Hatua Themanini

Shemeji yangu Garrett Stenerud aliomba kibali cha kuwinda elki dume, yule kulungu mkubwa wa milimani, kwa miaka kumi na sita, na kila mwaka bahati nasibu ilimtema. Mwaka wa kumi na saba jina lake likatoka. Kwetu Montana, kibali cha bonde aliloomba mtu hukipata mara moja maishani. Akishakipata anarudishwa mwisho wa foleni, akazeeke huko.

Basi akauza boti, akanunua bunduki. Ilikuwa na mtutu mnene kama mpini wa sululu, kitako cha kurekebishwa mpaka kimkae shavuni, na darubini ya kumwezesha kuhesabu kope za mnyama aliye kilima cha pili. Komeo la kupandishia risasi alilivuta na kulirudisha sebuleni siku nzima, mpaka dada yangu akahamia jikoni. Simu yake ilimpigia hesabu ya upepo, ya baridi, hata ya mzunguko wa dunia. Marehemu baba yetu aliua elki thelathini kwenye mabonde ya kawaida, na sikumbuki siku aliyouliza dunia inazungukia wapi.

Mgahawani Garrett alitangaza kwamba kupiga karibu ni kazi ya wazee. Yeye, chini ya yadi mia nane, hata komeo halifungi.

Mimi nilifuatana naye kwa ajili ya mama. Mama yetu Verna ana miaka sabini na sita na magoti yake yamekataa milima. Nyama ya dukani haigusi. Majira ya baridi yote anaishi kwa elki, na friza lake lilikuwa limebakiwa na pakiti mbili tu. Garrett alimwahidi kulijaza. Kazi yangu ilikuwa kupika kambini na kubeba mapaja.

Jioni ya kuamkia msimu, wawindaji wa kambi ya jirani walikuja na bia zao kuiona bunduki. Wakamwonyesha jiwe jeupe ng'ambo ya bonde. Garrett akapima umbali: yadi elfu moja. Akazungusha kirungu kilicho juu ya darubini, kile kinachopandisha shabaha kwa ajili ya mbali, akalala kifudifudi, akafyatua. Baada ya kitambo jiwe likatoa vumbi. Wakampongeza, akapanda kichwa.

Mwenye bunduki ya namna hii hufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: ukimaliza kupiga mbali, rudisha kirungu kwenye sifuri, la sivyo risasi ya karibu itapita juu.

"Shemeji, umerudisha sifuri?" nikamwuliza.

Akawageukia wenzake. "Mnamsikia mpishi wangu? Ananifundisha bunduki. Twyla, wewe koroga maharage."

Walicheka wote. Nikakoroga maharage, na yeye nikampakulia yale yaliyoungua.

Alfajiri tulikuwa tumejibanza kwenye misonobari. Garrett alikuwa bado anapima upepo wa mbali pale elki dume alipotoka kichakani, hatua themanini kutoka kwetu, ubavu wote wazi, pembe kama mti uliopukutika majani. Mzee wa yadi mia nane akasahau maneno yake papo hapo. Akalenga, akafyatua.

Vumbi likaruka kilimani, juu kabisa ya mgongo wa elki. Mnyama akainua kichwa, akasikiliza. Nikatupa jicho kwenye darubini: kirungu kilikuwa palepale kilipoachwa jana, kwenye yadi elfu moja.

Neno moja tu lilitosha. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikakumbuka vile vicheko, nikalimeza.

Akavuta komeo, akafyatua tena. Vumbi juu. Ya tatu, juu. Alinong'ona kwamba upepo umebadilika, na hapakuwa na upepo wa kutikisa hata unyasi. Ya nne, ya tano. Elki akageuka, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyechoshwa na mkutano. Hatukumwona tena msimu mzima.

Garrett aliwalaumu waliotengeneza risasi, kisha waliotengeneza mtutu, kisha akaiona ile namba ya kirunguni. Tukarudi nyumbani mikono mitupu. Nilifurahi njia nzima, siwafichi.

Mama alikuwa ameshapangusa friza na kutandika karatasi mpya za kufungia nyama mezani. Nikamsimulia yote, kirungu, vumbi, uso wa Garrett, nikitegemea atacheka. Yeye ndiye aliyenirithisha ulimi huu.

Hakucheka. Alianza kukunja zile karatasi, moja moja.

"Namba uliiona risasi ya ngapi?" akauliza.

"Ya kwanza, mama."

"Basi yeye alikosa moja," akasema. "Nne zilizobaki ni zako."

Akazirudisha karatasi kabatini, akatoa pakiti moja kati ya zile mbili, akaniuliza kama nitakula.