Maziwa ya Kaari

Mtoto wangu wa kwanza, Kiogora, alikuwa mtoto wa kunidanganya. Alinyonya, akacheua, akalala. Mashine ya kusaga unga ya jirani ilipokuwa ikinguruma, yeye alijigeuza tu upande wa pili. Basi nikajiona mtaalamu. Walimu wenzangu waliojifungua baada yangu niliwapa mawaidha bila kuombwa: tulia, mtoto husikia wasiwasi wa mama. Sijui walinisema vipi nikishawapa mgongo, lakini chochote walichosema, walikuwa na haki.

Halafu akaja Kaari.

Alikuwa msichana wetu wa kwanza, kwa hivyo jina halikuwa na mjadala. Kwetu Kanja, upande wa Embu, na huku Mitunguu nilikoolewa, desturi ni moja: msichana wa kwanza ni mama ya baba yake. Si kwamba wanafanana majina tu. Ni yeye, amezaliwa tena huku mwenyewe akiwa bado anatembea. Siku tuliyotoka hospitali, mama mkwe wangu alimpokea mtoto mlangoni, akamtazama usoni, akasema kwa sauti ya kufika kwa majirani, "Karibu nyumbani, Kaari. Ulikuwa umekawia wapi?" Kisha akajifuta macho kwa pindo la leso. Kiogora alipozaliwa alikuwa amefurahi pia, ila kwa adabu tu.

Basi Kaari mkubwa akaanza kumlisha Kaari mdogo kupitia kwangu. Kila asubuhi alikatiza katikati ya migomba akiwa na mkebe wa maziwa ya Makena, ng'ombe wake. Ng'ombe huyo ndiye aliyemsomesha mume wangu, Murungi, na dada zake. Maziwa yake yalikuwa yakiuzwa kwenye mkahawa wa sokoni, lakini sasa wenye mkahawa waliambiwa watafute kwingine. Nilipikiwa uji wa wimbi kwa maziwa, ndizi za kupondwa kwa maziwa, na chai isiyojua maji. Mama mkwe alisimama mbele yangu mpaka kikombe kikauke.

"Kunywa, Mama Kiogora," aliniambia. "Mimi nataka kunenepa."

Huyo "mimi" alikuwa mtoto.

Lakini mtoto hakunenepa inavyostahili, na alilia. Jua likianza kushuka tu, alikunja magoti hadi kifuani, tumbo likawa gumu, akapiga mayowe hadi sauti ikamkauka. Mashavu yalimtoka vipele. Murungi alimbeba akizunguka naye shambani huku akimwimbia nyimbo za kanisani, hata zile za mazishi zikiwa na mdundo mzuri. Mimi nilikaa kitandani nikilia pamoja naye, mtaalamu mzima. Kiogora alitutazama kwa siku kadhaa, kisha akauliza kwa upole kama hospitali wanaweza kutubadilishia.

Nilimpenda huyo mtoto vibaya sana. Akinyamaza kidogo akanitazama kwa macho yake makubwa yenye hasira, moyo wangu uliyeyuka wote. Ila nilikuwa nimechoka hadi nikatia chumvi kwenye chai.

Ushauri ulikuja bila kualikwa. Mama yangu alipiga simu kutoka Kanja kusema Mitunguu kuna joto jingi, mtoto anataka baridi ya kwao. Jirani yetu Cicily alikuja kumwona mtoto, akamsikiliza anavyolia, akatikisa kichwa.

"Huyu amekataa jina," akasema. "Mimi nishaona hiyo maneno. Mtoto akikataa mwenye jina, analia hivyo hivyo."

Mama mkwe alikuwa jikoni, na alisikia. "Sijakataa kitu mimi," alijibu. "Na sikuwa mtu wa kulialia." Lakini niliona akiendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. Kesho yake alileta mkebe mkubwa zaidi.

Nilipompeleka mtoto kliniki, muuguzi anayeitwa Gladwell alifungua nepi, akaona nyuzi nyembamba za damu, akamwita daktari. Daktari hakuniuliza mtoto anakula nini. Aliniuliza ninakula nini mimi. Nilipomaliza kumsimulia, alisema kuna watoto ambao matumbo yao hayawezi maziwa ya ng'ombe, hata yakipitia kwa mama kwanza. Niendelee kunyonyesha, niache maziwa kabisa kwa muda, halafu nirudi waone. Nilitoka pale nimefurahi, kwa sababu hatimaye kulikuwa na kitu cha kufanya. Nilikuwa nimeshafika njia panda nilipoukumbuka ule mkebe.

"Utamwambia wewe," nilimwambia Murungi.

"Mimi? Haya si ni mambo ya wamama?"

"Ni mama yako. Na ng'ombe ni wa kwenu."

Murungi akakumbuka ghafla kwamba zamu yetu ya maji ya kunyunyizia shamba imefika, akachukua jembe na kutoweka kwenye migomba. Mwanamume mwenye kifua kile, anamwogopa mwanamke anayemfikia kwapani! Lakini sikumlaumu sana. Hata mimi niliogopa. Mjukuu aliyepewa jina lake analia bila kukoma, majirani wanasema amemkataa, na sasa mimi nimwambie hata maziwa yake hatuyataki.

Asubuhi alipokuja akaanza kumimina, nilimshika mkono.

"Mama, usimimine. Daktari amesema niwache maziwa. Ndiyo yanamuumiza mtoto tumbo. Si maziwa yako tu, ni ya ng'ombe yeyote."

Alimtazama mtoto, akautazama mkebe.

"Kwa hivyo ni mimi nimekuwa nikijiumiza," alisema. Akafunika mkebe, akarudi kwake.

Hakuja kesho yake, wala kesho kutwa. Jumapili kanisani aliketi na wamama wenzake, akanisalimia kwa kichwa tu. Na huko nyumbani mtoto alikuwa akitulia, jioni baada ya jioni. Vipele vilififia. Siku moja jua lilizama akiwa macho, miguu imenyooka, anatazama pazia likipepea. Nilifurahi hadi nikamwita Kiogora aje aone. Lakini aliyestahili kuona alikuwa ng'ambo ya migomba, na furaha yangu ilikuwa na shimo katikati.

Alipokuja hatimaye hakuwa na mkebe. Alikuwa amebeba kikapu cha ndizi mbichi na maharagwe meusi ya njahi, na alisimama mlangoni kama mgeni. Nilimpa mtoto. Kaari mdogo alimtazama, akapiga miayo, akatabasamu. Mama akaketi polepole, kama mtu aliyeshikilia yai.

Nilienda jikoni kuweka chai. "Yako ni strungi, Mama, kama kawaida?" niliuliza kwa mazoea, kisha nikashtukia nilichosema. Miaka yote niliyokaa kwao sikuwahi kumwona akinywa chai yenye maziwa. Sote tulidhani ni kubana matumizi, maziwa ni ya kuuza.

Nilirudi na sufuria mkononi. "Mama, kwa nini wewe hunywi maziwa?"

Alikuwa akimpapasa mtoto tumbo.

"Nikiwa mdogo, kwetu Muthara," alisema, "nikikunywa maziwa tumbo inanikata, nalia. Mama alikuwa ananichapa. Ati niko na kiburi, nakataa chakula ya nyumbani. Wakawa wananiita Kaari wa kiburi. Nikajifunza kunyamaza, nikiolewa nikasema tu siipendi."

"Na hukutuambia?"

"Ningewaambia nini? Mimi sikujua ni ugonjwa." Sauti yake ilishuka. "Nilidhani ni tabia yangu mbaya. Miaka yote hiyo."

Niliweka sufuria chini, nikamkumbatia pamoja na mtoto, jambo ambalo hatukuwa na mazoea nalo, yeye na mimi. Alikubali.

Kisha akamwinua mtoto, akamweka uso kwa uso.

"Cicily anasema umenikataa," alimwambia. "Na wewe ni mimi kabisa. Hata tumbo." Akacheka, machozi yakimshuka. "Lakini wewe umelia, wakakuuliza unaumwa wapi."

Nilirudi jikoni nikamimina vikombe viwili vya strungi, chake na changu.