Shikamoo ya Kiingereza cha Juu

Haya yote ni kweli tupu, hayajatiwa chumvi hata punje. Mwenye shaka aende soko la Lushoto akawaulize wauza kabichi. Watamwambia, wakimaliza kucheka.

Mzee Zuberi alistaafu kiwanda cha chai akiwa na kiinua mgongo kidogo na Kiingereza kingi. Alikiokota, kwa maneno yake mwenyewe, kwa fundi mmoja Mzungu mwenye maneno marefu hivi kwamba akilianza moja mashine ikiwashwa, likifika mwisho chai imeshakauka, imechekechwa, iko guniani. Siku hizi alikuwa na darasa kwenye benchi la kahawa pale sokoni, la vijana wanaotaka kuongoza watalii milimani. Kiingereza cha shule alikipiga marufuku.

"Gudi moningi ni ya kufukuzia kuku," alisema. "Mimi nawapa cha juu."

Siku moja Zuhura, mwanafunzi wake mwerevu kupita wote, akamuuliza, "Babu, hivi shikamoo ya Wazungu ni ipi?"

Mzee Zuberi hakuijua. Lakini taifa zima liishi bila shikamoo? Watoto wao wanawapita wazee njiani kimya, kama mbuzi? Haiwezekani. Akakohoa, akaitunga hapo hapo.

"Ai prostreti maiselfu. Yaani, najilaza kifudifudi mbele yako. Na mkubwa anaitikia, Raizi, end prospa. Inuka, ustawi."

Kwenye benchi la pili, Mwalimu Emanueli, aliyesomesha Kiingereza maisha yake yote, akapaliwa na kahawa.

"Mzee Zuberi, muogope Mungu! Waingereza hawana shikamoo."

"Hawana hao wako wa vitabuni. Wangu wanayo."

"Basi kesho siku ya soko muamkie yule bibi wa Kiingereza aliyefikia nyumba ya wageni. Asipoitikia?"

"Asipoitikia nakuamkia wewe, shikamoo kila siku ya soko mpaka Ramadhani! Akiitikia, unakuja darasani kwangu, unakaa mbele."

Watu wakaguna. Emanueli alizaliwa Zuberi ameshaota ndevu. Mzee kumwamkia mtoto wa juzi, tena hadharani!

Alasiri ile ile Mzee Zuberi akapanda kilima na kikapu cha mapeasi. Bibi wa Kiingereza alikuwa mpole, mwenye mvi na hamu ya kujifunza. Mzee akamweleza kwa Kiingereza chote alichokuwa nacho, na kwa mikono pale kilipoishia, kwamba huku Usambara ukiamkiwa unajibu hivi. Bibi akarudia. Akauma peasi, akarudia mdomo umejaa. Mzee akateremka akipiga mluzi.

Kesho yake soko zima lilikuwa macho. Bibi akatokea upande wa nyanya. Mzee Zuberi akaweka kofia sawa, akajongea, akavuta pumzi—

"Raizi, end prospa!" bibi akampigia ukelele kutoka mbali.

Watu wakatazamana. Ameitikia, na hakuna aliyemwamkia! Hata mtoto wa chekechea huku anajua marahaba haitangulii shikamoo.

"Raizi, end prospa!" akamwambia muuza vitunguu. "Raizi, end prospa!" akamwambia punda wa muuza vitunguu. Kisha akamfikia Mzee Zuberi, akamuuliza jambo kwa Kiingereza cha mbio. Mzee akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Aliyeelewa alikuwa Emanueli, na akatafsiri kwa sauti ya mimbarani.

"Anauliza, 'Mwalimu, leo nimesema vizuri kuliko jana? Na yale mapeasi bado yapo?'"

Soko likalipuka.

"Babu!" Zuhura alishika mbavu. "Umemfundisha Mwingereza Kiingereza?"

"Kilikuwa kimempungua," akajitetea.

Emanueli alishakaa, mguu juu ya mguu, anasubiri. Mzee Zuberi akatafuta neno refu la kujifichia, akakosa. Akainama kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Wauza kabichi wa kule mwisho hawajasikia, mzee wangu."

"SHIKAMOO!"

"Marahaba, mwanangu," Emanueli akaitikia taratibu, akiilamba ile marahaba kama asali. "Hujambo? Na wazazi nyumbani hawajambo?"